Ndoo ya Chokaa

Mimi nafundisha watu kuendesha gari, na kazi hii imeniharibu tabia. Gari la shule ya udereva lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu. Pedali ya mafuta lakini ni ya mwanafunzi peke yake. Mwalimu hana cha kuongeza mwendo, ana cha kuzuia tu. Kwa hiyo nimezoea kukaa pembeni mguu ukiwa tayari, hata nikiwa nyumbani naosha vyombo.

Kila mwanafunzi mpya namwambia neno moja kabla hajawasha: wewe tazama mbele, breki ninayo mimi. Akisikia hivyo mabega yanashuka. Na jambo jingine nimelijua kwa kukaa miaka kwenye kiti kile. Mwanafunzi akinyamaza, ujue anaendesha. Akianza kunisimulia habari za shangazi yake na mirathi, nasogeza mguu wangu karibu.

Mume wangu alikuwa mwanafunzi wangu mbovu kuliko wote. Ni askari, koplo wakati huo, mabega yanajaza mlango, lakini mpe rivasi uone vituko. Hatazami vioo. Siku yake ya kwanza, kabla sijajua kwamba nitazaa naye, alirudi nyuma katika uwanja wa shule akaikanyaga ndoo ya chokaa ambayo fundi rangi alikuwa ameiegesha ukutani. Chokaa iliruka ikampaka mkurugenzi wetu kuanzia tai hadi viatu. Mkurugenzi akauliza nani yuko kwenye usukani. Nikasema ni mimi, nilikuwa namwonyesha mwanafunzi jinsi ya kurudi nyuma. Hadi leo mkurugenzi anaamini hivyo, na ukweli tunaujua wawili tu. Nilimtetea kwa sababu nilimwona anavyotetemeka, jibaba zima, kwa ajili ya ndoo. Nikasema moyoni, mtu mwenye haya kiasi hiki anafaa kuolewa naye.

Huyo ndiye aliyekuja jioni moja, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua buti, akaniambia ameomba kwenda kozi ya uteuzi ya kikosi maalumu. Nilimuuliza kama ametumwa au ametaka. Alisema ametaka. Nilimuuliza wanafanywa nini huko. Alisema wanatembea milimani na begi zito mgongoni, usiku na mchana, wala hakuna anayewapigia kelele. Ukichoka, mkufunzi anakuambia kwa upole kabisa kwamba kuna chai ya moto na gari la kurudi nyumbani. Basi. Wanaoshindwa karibu wote wanashindwa kwa mdomo wao wenyewe.

Nilijua papo hapo kwamba atapita. Sisemi hivi kwa mapenzi. Mtu huyu aliangushwa mtihani wa udereva mara nyingi hadi mtahini akawa anamwamkia kwa jina la utani, na kila akianguka alirudi kesho yake na shati limepigwa pasi. Kichwa kigumu cha namna ile sijakiona kwa mwanadamu mwingine. Nikamwambia aende, ila avue kwanza buti zilizo juu ya zulia langu.

Kabla wanaokwenda kozi hawajaondoka, afisa ustawi wa kambi alituita wake zao kwenye bwalo. Alikuwapo na mume mmoja, wa luteni wa kike, amejikunyata kiti cha nyuma kabisa. Afisa ustawi ni kapteni, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, na hotuba yake haikuwa na sukari. Alisema simu zao zitazimwa, kwa hiyo tusikae tunazitazama za kwetu. Wakirudi mapumzikoni watalala sakafuni, watakula wamesimama, wengine hawatasema chochote, tusiwahoji. Alitukataza tusiwasugue magaga. Mke mmoja akauliza kwa nini, maana yeye ana jiwe zuri. Kapteni akasema ngozi ile ngumu ya mguuni imemgharimu mtu jasho la miezi, na kuna mwanamume aliyesuguliwa na mkewe kwa upendo mwingi akarudi mlimani na nyayo za mtoto mchanga, akaishia kwenye gari la chai. Tulicheka. Yeye hakucheka.

Mwisho akatupa namba ya dharura. Alisema ni ya jambo la kweli, si ya kitasa kilichoharibika. Halafu akatuaga, tukaenda zetu.

Mambo mengine Kapteni hakuyasema. Niliyapata kwa jirani yetu wa chini, ambaye jengo zima linamwita Mama Pasi kwa sababu hakuna nguo inayotoka kwake na kunyanzi. Mumewe ni sajini wa ghala, mtu mkimya, na zamani alishawahi kwenda kozi hiyo hiyo. Mama Pasi alinivuta jikoni kwake, akafunga mlango, akasema siku za mwisho, mtu akiwa hajalala na akili imeanza kumtoka, wakufunzi humjia na habari za nyumbani. Humwambia mkeo amepiga simu, analia, anakutaka. Ni uongo mtupu. Wanataka kuona atafanya nini.

"Wangu alishuka," akasema. "Alifika hapa mlangoni na matope hadi masikioni, akanikuta nachambua mchele. Akaniuliza, unaumwa nini? Nikamwambia siumwi. Akakaa pale kwenye ngazi." Aligeuza uso, akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. Alisema hadi leo hajui ampende zaidi kwa kushuka au amlaumu, na kwamba ndani ya nyumba ile neno mlima halitajwi.

Nilipanda ngazi nikiwa nimeshakata shauri. Nilimwambia mume wangu kila kitu, nikamwambia tunahitaji alama. Yeye akapendekeza jina la mama yake. Nikamwambia jina la mama yake limeandikwa kwenye jalada lake, wakufunzi wanalo. Tukakaa tunafikiri, kisha tukatazamana, tukasema kwa pamoja: ndoo. Tukakubaliana. Akisikia habari yoyote ya nyumbani isiyo na ndoo ya chokaa, ni uongo wao, aendelee na safari. Akiisikia ndoo, ni mimi kweli, na mambo yameharibika, aache kila kitu aje. Tulijiona wajanja sana. Tulicheka hadi binti yetu akatoka chumbani kuuliza tunacheka nini.

Binti yetu ndiye Kishindo. Jina hilo alijipatia mwenyewe, kwa sababu hajui kushuka ngazi kwa miguu. Anaruka tatu za mwisho kwa pamoja na jengo zima linajua ametoka. Ameshaanza shule, meno ya mbele hana, na ana maoni kuhusu kila kitu.

Basi baba yake akaenda. Hakukuwa na machozi mlangoni. Nilimwambia atazame vioo, akasema begi halina vioo, akashuka ngazi.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi ili anisaidie mtoto nikiwa kazini. Tunapatana, ila kwa mwanawe yule wa pekee hana utani. Alikuwa anakaa dirishani na simu yake mapajani, pamoja na kwamba nilimweleza haitalia. Mimi nilikuwa na wanafunzi wangu. Nilikuwa na mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa anaomba msamaha kwa kila gari linalompita, na bibi harusi mtarajiwa aliyefumba macho kwenye makutano. Siku zilikwenda. Jioni nilikuwa nalala mapema na nalala fofofo, na mama mkwe alikuwa ananitazama asubuhi kama mtu asiye na moyo. Moyo ninao. Nilikuwa na uhakika tu.

Siku iliyoniharibia uhakika huo ilianza kwa ukimya. Nilirudi nyumbani kula mchana nikakuta ngazi hazina kelele. Kishindo alikuwa amelala kwenye kochi, amekunja magoti. Bibi yake alisema tumbo lilimwanza shuleni, karibu na kitovu, ametapika, amempa maji ya uvuguvugu. Nilimwambia asimame. Alisimama amejikunja, ameshika upande wa kulia chini, akatembea hatua ndogo ndogo, yeye asiyejua kutembea. Nilipombonyeza taratibu halafu nikaachia, alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake.

Nilimbeba hadi kwenye gari la shule. Lina kibao juu chenye maandishi makubwa kwamba anayeendesha ni mwanafunzi, na sikuwa na muda wa kukitoa. Niliendesha siku ile kwa namna ambayo ningemwangusha mtu yeyote kwenye mtihani. Watu wakiona kibao, wakiona na mwendo, wanajiweka kando wenyewe. Mama mkwe alikuwa nyuma na kichwa cha mtoto mapajani, anasali kwa sauti, na sijui alikuwa anamwombea mtoto au anajiombea mwenyewe.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana mwenye mikono mikubwa iliyotulia. Alimpima, akaagiza damu na picha ya tumbo, kisha akanivuta pembeni akanieleza bila kuzunguka. Ni kidole tumbo. Kimevimba vibaya, hakijapasuka bado, na hawezi kuniahidi kitangoja. Alisema upasuaji wenyewe wanaufanya kila wiki, lakini mtoto ni mtoto na tumbo ni tumbo. Nilimuuliza angekuwa wake angefanyaje. Alisema angekuwa ameshaanza. Nikaweka sahihi pale aliponionyesha, nikambusu Kishindo kwenye paji la uso, naye akaniuliza kama atabaki na alama. Nikamwambia atabaki nayo. Akaonekana kuridhika, wakamsukuma ndani, mlango ukafungwa.

Niligeuka nikamkuta mama mkwe anaficha simu kwenye mtandio wake. Alikuwa ameshapiga namba ya dharura. Sikumkasirikia, au niseme nilimkasirikia halafu hasira ikakosa pa kukaa. Alisema yule ni baba wa mtoto, na mtoto yuko chini ya kisu, na yeye hakuzaa jiwe. Nilimwambia nimesikia.

Kapteni hakupiga simu, alikuja mwenyewe. Nilimwona anatokea mwisho wa korido, kofia mkononi, anatembea haraka bila kukimbia. Alimwamkia mama mkwe kwa heshima, akauliza hali ya mtoto, kisha akasimama mbele yangu.

"Mama mkwe wako amefanya sawa kupiga, namba ni ya familia," alisema. "Lakini ujumbe ni wa mke. Utakachosema ndicho atakachoambiwa, neno kwa neno. Hakuna atakayeongeza wala kupunguza."

"Na akitaka kuja?"

"Gari litamshusha leo hii. Na kozi kwake itakuwa imekwisha. Hairudiwi."

"Na nisiposema kitu?"

"Hataambiwa kitu."

Mama mkwe alisimama. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Mwite mwanangu," alisema. "Mtoto huyu akipata la kupata, baba yake hatakusamehe. Na mimi sitakusamehe."

Ndipo nilipoliona kosa letu, sisi wajanja wawili. Tulikuwa tumepanga alama moja tu, nayo ni ya kusimama. Nikimpelekea habari bila ndoo, atadhani ni uongo wa wakufunzi, ataendelea kutembea anacheka, na binti yake amelala na tumbo wazi. Nikimpelekea ndoo, atatua begi palepale. Na nikinyamaza, atarudi siku moja na kukuta kovu, na nitaishi na mwanamume ambaye nilimficha mtoto wake. Tulipanga breki, hatukupanga mafuta.

Nataka niseme wazi nilivyojisikia, maana watu wa jengo letu hunisifia ujasiri ambao siku ile sikuwa nao wote. Nilimtaka. Nilitaka mabega yale yajaze mlango wa korido ile. Nilitaka mtu mmoja duniani aniambie mimi, tazama mbele, breki ninayo mimi, kwa sababu maisha yangu yote mimi ndiye ninayewaambia wengine. Neno moja tu lingemleta kabla jua halijazama. Nilikuwa nalo mdomoni.

Nilitazama ule mlango uliofungwa. Nikafikiri: akija, atakaa kwenye benchi hili karibu yangu, na mkono wa yule daktari hautatulia zaidi kwa sababu ya yeye kukaa hapa. Na baadaye? Baadaye atakaa kwenye ngazi, kama sajini wa ghala alivyokaa, na hatutataja mlima ndani ya nyumba. Aliniomba ruhusa ya kwenda, nami nilimpa. Sikumpa nusu.

Nikamwambia Kapteni asikilize vizuri.

"Mwambie hivi. Kishindo anapasuliwa kidole tumbo. Daktari ni mzuri, na mimi niko mlangoni. Ndoo ya chokaa imemwagika, lakini nimeshafuta. Yeye atazame mbele, breki ninayo mimi."

Kapteni alinitazama. "Ndoo ya chokaa," alisema.

"Imemwagika, lakini nimeshafuta."

Akayarudia yote toka mwanzo hadi mwisho, wima, bila kupepesa, ndoo na chokaa na breki, kama mtu anayekula kiapo. Nikamwambia ndivyo. Akavaa kofia akaondoka. Mama mkwe alikuwa amebaki ameduwaa. Aliniuliza ndoo gani, chokaa ya nini, mtoto yuko ndani mimi nazungumza habari za usafi. Nikamwambia ni maneno yetu. Akaniachia mkono, akaenda kukaa benchi la upande wa pili, akanipa mgongo.

Hapo ndipo woga uliponishika kweli. Nilikuwa nimesema nimeshafuta, na chokaa ilikuwa bado inamwagika. Mlango ulikuwa umefungwa. Kama ungefunguliwa na daktari akatoka na uso mwingine, ujumbe wangu ungekuwa uongo mbaya kuliko ule wa wakufunzi, na ungekuwa umeshaondoka. Nilikaa na mguu wangu wa kulia umekanyaga sakafu, umekaza, hadi paja likaniuma. Sakafu haikuwa na pedali.

Daktari alitoka, akashusha barakoa. Alikuwa anatabasamu kabla hajafika. Alisema kimetoka kizima, wamewahi, na kwamba binti yangu kabla ya kulala alimwagiza alama iwe ndefu. Nilitaka kumshukuru, badala yake nikalia kwa sauti, pale katikati ya korido, mbele ya wauguzi. Mama mkwe alivuka kutoka benchi lake. Alinipangusa uso kwa ncha ya mtandio wake, kwa nguvu, kama anavyompangusa Kishindo, na tukaingia ndani pamoja.

Jioni ile haikuja gari. Wala kesho yake. Mama mkwe alikuwa kila akisikia buti kwenye korido anainua kichwa. Mimi nilimwambia hatakuja, na nilisema kwa sauti kavu kabisa, ila nakiri kwamba kila akiinua kichwa na mimi nilikuwa nainua. Nilitaka apite na nilitaka aje, na vyote viwili nilivitaka kwa moyo mmoja. Anayesema haiwezekani hajaolewa na askari.

Kishindo aliporudi nyumbani, Mama Pasi alipanda kumwona, na safari hii alikuja na mumewe. Sajini wa ghala alikuwa amebeba chungwa moja moja katika kila mfuko wa koti, akawa anayatoa kama mazingaombwe hadi mgonjwa akashika tumbo akiomba asichekeshwe. Habari za ujumbe wangu zilikuwa zimeshazunguka jengo zima. Mama mkwe hakuzaliwa kukaa na siri. Wakati wa kuondoka, sajini alisimama mlangoni, akageuza kofia yake mikononi.

"Shemeji," alisema, "sisi hatukupanga kitu."

Mama Pasi alikuwa nyuma yake. Alimwekea kiganja mgongoni, katikati ya mabega, na walishuka ngazi hivyo hivyo, polepole, hadi nikasikia mlango wao unafungwa.

Mume wangu alirudi mchana wa siku ya kazi. Niliingiza gari la shule uani na bibi harusi mtarajiwa kwenye usukani, nikamwona mtu amesimama chini ya kamba za nguo. Nilimkanyagia yule binti breki yangu kwa nguvu hadi akapiga kelele. Mume wangu alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Kwenye bega la shati kulikuwa na beji ambayo sikuijua. Sikuuliza. Nilikuwa nimekumbuka hotuba.

Kishindo hakuwa ameisikia hotuba. Alishuka ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe aliruka zile tatu za mwisho. Akasimama mbele ya baba yake, akainua fulana. Mume wangu alipiga goti pale uani akalitazama kovu lile kwa muda mrefu. Akaweka kidole kando yake bila kuligusa. Akamuuliza kama iliuma. Kishindo akasema iliuma sana, na kwamba daktari ni rafiki yake, na kwamba baba ananuka.

Alikula amesimama. Alilala sakafuni, kwenye zulia, buti amevua. Nilimwacha. Kesho yake alasiri tulikaa kwenye ngazi sisi wawili, naye akaanza kusema bila kuulizwa.

Alisema mkufunzi alimjia asubuhi, wamekaa kwenye mawe, mvua inanyesha. Akamwambia mkeo amepiga, mtoto anaumwa, anasema urudi. Alimuuliza mkufunzi kama nimesema kingine. Hakuna kingine. Akasimama, akavaa begi, akaendelea. Alicheka peke yake nusu ya njia, kwa jinsi walivyokosea. Alasiri ile ile, mkufunzi akarudi tena. Safari hii alikuwa na uso mwingine, na alisoma kutoka kichwani kama mtoto wa shule: Kishindo anapasuliwa kidole tumbo, daktari ni mzuri, mimi niko mlangoni, ndoo ya chokaa.

"Aliposema ndoo nilishatua begi," alisema. "Mkanda mmoja ulikuwa umeshatoka. Halafu akasema, imemwagika lakini nimeshafuta."

Alisema alicheka, akalia, vyote kwa pamoja, mpaka mkufunzi akamwita mganga wa kikosi aje amulike macho yake kwa tochi, aone kama akili bado ipo. Mganga akamuuliza leo ni siku gani. Akajibu. Akamuuliza ndoo ni nini. Akamwambia ni siri ya familia. Wakamwachia.

"Uongo wao ulisema nirudi," alisema. "Ukweli wako ukasema niendelee. Nikavaa begi."

Nilimwambia kwamba nilimtaka aje. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza, na kwamba wakati nasema nimeshafuta nilikuwa sijafuta kitu, mlango ulikuwa umefungwa. Alisema alijua. Alisema ananijua mimi. Mguu wangu uko kwenye breki kabla barabara haijaonekana. Kisha akaniomba msamaha kwa kutokuwapo. Nikaupokea, kwa kuwa ulikuwa msamaha wa kweli na nilikuwa nimeungoja.

Tulikaa. Juu, mama mkwe alikuwa anamgombeza Kishindo kwa jambo fulani la maziwa. Mume wangu alisema inabidi tutafute alama nyingine, maana hii ya ndoo imeshajulikana hadi kwa mganga wa kikosi. Nikamwambia safari hii tupange mbili, ya kusimama na ya kuendelea. Akakubali. Halafu nikamwambia nataka na ya tatu, ya kutoka kwake kuja kwangu, ili na mimi huku nijue kama yuko salama au ameharibikiwa.

Alitazama kucha zake, mbili zilikuwa zimeng'oka. Alisema huko anakokwenda sasa na kikosi chake kipya hakuna Kapteni wa kubeba maneno. Hataruhusiwa kutuma kitu, si ndoo wala kijiko, na hawezi kunipangia neno ambalo halitafika.

"Kwa hiyo nitajuaje?"

"Wewe si ndiye uliyenifundisha," alisema. "Ukiona kimya, ujue naendesha."

Nilitaka kukasirika. Niliitafuta hasira yangu yote, na ninayo ya kutosha, lakini alikuwa amenishika kwa maneno yangu mwenyewe na nilijua ni ya kweli, maana nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi. Niliegemeza kichwa kwenye bega lake, upande wa ile beji.

"Na vioo?" nikamuuliza.

"Nitatazama vioo."

Wakamchukua wiki iliyofuata, asubuhi, gari likatoka langoni bila honi. Nilipanda kumwamsha Kishindo aende shule. Mwanafunzi wangu wa kwanza siku ile alikuwa yule mwalimu mkuu mstaafu. Nilimwambia awashe, atazame mbele, breki ninayo mimi. Alianza kuniuliza mume wangu amefika wapi. Nikamwambia anaendesha, na yeye pia anyamaze aendeshe.